Nyota wa besiboli waliotia doa majina yao kwa ubaguzi wa rangi

MWISHONI mwa Mei 2024, Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB) ilibadilisha vitabu vyake vya kumbukumbu. Jina la Ty Cobb, lililokaa kwa miongo mingi kileleni mwa orodha ya wapigaji bora wa nyakati zote, lilishuka hadi nafasi ya pili.

Aliyempita ni Josh Gibson, mchezaji aliyefariki dunia Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, bila kucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Gibson hakukosa uwezo, bali alinyimwa nafasi kwa kuwa alikuwa mtu mweusi.

Mabadiliko hayo yaliamsha upya mjadala wa siku nyingi katika mchezo huo: wachezaji hodari waliokuwa na tabia mbaya, hasa wale waliowabagua wenzao kwa rangi ya ngozi, wakumbukwe vipi?

Wapo wanaosema mchezaji apimwe kwa aliyoyafanya uwanjani tu. Wengine hujibu kwamba katika besiboli mambo hayo mawili hayatenganishiki, kwa kuwa baadhi ya nyota hao walijipatia sifa katika uwanja ambao wao wenyewe walisaidia kuufunga kwa watu wengine.

Aidha, kumbukumbu zinaonyesha kwamba si wote walioitwa wabaguzi waliokuwa na kosa la uzito mmoja. Wapo ambao ushahidi dhidi yao uko wazi, wapo waliosingiziwa baadhi ya mambo, na wapo waliojuta kabla ya kufa.

Mchezo na hesabu zake

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja. Mrushaji hutupa mpira kwa kasi, naye mpigaji wa timu pinzani hujaribu kuupiga kwa rungu la mbao, kisha hukimbia kupitia vituo vitatu hadi arudi alikoanzia ili apate pointi.

Pigo linalomfikisha mpigaji kituoni bila kutolewa huitwa pigo salama. Wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawanya mapigo salama kwa idadi ya majaribio yake. Mwenye wastani wa 0.300, yaani mapigo 300 katika kila majaribio 1,000, huhesabiwa kuwa hodari.

Ni mchezo unaoheshimu takwimu kuliko michezo mingi, na kila pigo huandikwa na kuhifadhiwa. Ndiyo maana swali la nani aliruhusiwa kucheza na nani alizuiwa linagusa moja kwa moja uhalali wa takwimu hizo.

Heshima ya juu kabisa kwa mchezaji ni kuingizwa katika Jumba la Mashuhuri lililopo Cooperstown, jimbo la New York, ambako jina na sura yake huchorwa kwenye bamba la shaba. Kura za kwanza zilipigwa mwaka 1936 na jumba likafunguliwa mwaka 1939.

Kanuni za uchaguzi zinawataka waandishi wanaopiga kura wazingatie rekodi na uwezo wa mchezaji, pamoja na uadilifu, uanamichezo na tabia yake. Kipengele hicho cha tabia ndicho chanzo cha ubishi mwingi.

Cap Anson: nahodha aliyekataa

Adrian Anson, aliyejulikana kama Cap, alizaliwa mwaka 1852 katika jimbo la Iowa. Alicheza misimu 27, kuanzia 1871 hadi 1897, sehemu kubwa akiwa mchezaji na kiongozi wa timu ya Chicago White Stockings. Chini yake timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi mara tano.

Anatajwa kuwa mchezaji wa kwanza kufikisha mapigo salama 3,000, ingawa hesabu za zama zile hutofautiana kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Katika karne ya 19 hapakuwa na mchezaji aliyemzidi kwa umaarufu.

Agosti 1883 timu yake ilikwenda Toledo, Ohio, kwa mechi ya kirafiki. Wenyeji walikuwa na mchezaji mweusi, Moses Fleetwood Walker, kijana aliyepata elimu ya chuo. Anson alitamka kwamba timu yake haitaingia uwanjani iwapo Walker atacheza.

Siku hiyo Walker alikuwa majeruhi na hakupangwa kucheza. Kiongozi wa Toledo alipopata habari ya madai hayo, alimpanga makusudi, akamweleza Anson kwamba wakisusa watakosa mgawo wao wa mapato ya mlangoni. Anson akasalimu amri na mechi ikachezwa.

Mwaka uliofuata Toledo iliingia katika ligi iliyohesabiwa kuwa kuu, na Walker akacheza mechi 42. Baada yake na mdogo wake, Weldy, ambaye pia alicheza mechi chache mwaka huo, hakuna mchezaji aliyejulikana wazi kuwa mweusi aliyecheza ligi kuu hadi mwaka 1947.

Julai 14, 1887, Chicago ilipangiwa kucheza na timu ya Newark iliyokuwa na mrushaji mweusi hodari, George Stovey. Stovey hakuingia uwanjani. Siku hiyo hiyo wamiliki wa timu za International League, ambamo Newark ilicheza, walipiga kura ya kutosajili tena wachezaji weusi.

Walker alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki, na alipoondoka mwaka 1889 ligi hiyo ilikaa bila mchezaji mweusi kwa zaidi ya nusu karne. Aliyekuja kuvunja mwiko huo ni Jackie Robinson, alipoichezea timu ya Montreal mwaka 1946.

Sol White, mchezaji mweusi aliyeandika historia ya weusi katika besiboli mwaka 1907, alimtaja Anson kuwa mtu aliyechangia sana kufungwa kwa mlango huo. Wanahistoria wa baadaye wamesema mtu mmoja, hata awe maarufu kiasi gani, asingeweza kuufunga peke yake bila wamiliki na wachezaji wengine kumuunga mkono.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini haimwondolei Anson lawama, kwani maneno yake mwenyewe yapo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1900 alieleza safari ya kuzunguka dunia ya mwaka 1888 na 1889, ambayo iliwafikisha wachezaji hadi kwenye mapiramidi ya Misri. Humo alimwandika kwa dharau na kejeli Clarence Duval, kijana mweusi aliyechukuliwa katika msafara huo ili awachekeshe watazamaji.

Anson alifariki dunia mwaka 1922 na akaingizwa katika Jumba la Mashuhuri mwaka 1939.

Ty Cobb: hasira na ngano

Hakuna jina linalotajwa haraka kuliko la Ty Cobb pale inapozungumzwa tabia mbaya katika besiboli. Alizaliwa mwaka 1886 katika jimbo la Georgia, akaichezea Detroit Tigers kuanzia 1905 hadi 1926, kisha akamalizia na Philadelphia Athletics mwaka 1928.

Wastani wake wa maisha ni 0.367. Alikuwa na mapigo salama zaidi ya 4,180, rekodi iliyodumu hadi mwaka 1985. Katika kura za kwanza za mwaka 1936 alipata 222 kati ya 226, akimpita hata Babe Ruth.

Maisha yake yalianza kwa msiba mzito. Agosti 1905, wiki chache kabla ya kuanza kuichezea Detroit, baba yake aliuawa kwa risasi iliyopigwa na mama yake mzazi. Mama alieleza kuwa alidhani ni mwizi, na mahakama ikamwachia huru.

Ugomvi wake ulijulikana mapema. Mwaka 1908, mjini Detroit, alimpiga Fred Collins, kibarua mweusi aliyekuwa akitengeneza barabara, baada ya kugombana kuhusu lami mbichi iliyokanyagwa. Mahakama ilimkuta na hatia, lakini hakimu akaahirisha adhabu. Cobb alimlipa Collins dola 75 ili yaishe.

Mei 15, 1912, mjini New York, alipanda jukwaani katikati ya mechi na kumshambulia mtazamaji aliyekuwa akimtukana, Claude Lueker. Mtu huyo alikuwa amepoteza mkono mmoja mzima na vidole vitatu vya mkono wa pili katika ajali ya kiwandani.

Kwa mujibu wa maelezo ya wakati huo, tusi lililomchoma zaidi Cobb ni la kumhusisha na damu ya watu weusi. Lueker alikuwa mzungu, lakini kisa hicho kinaonyesha jinsi rangi ilivyokuwa silaha midomoni mwa watu wa zama zile.

Cobb aliposimamishwa, wenzake waligoma. Mei 18 Detroit ililazimika kuokoteza wachezaji wa mitaani mjini Philadelphia ili isitozwe faini, ikafungwa 24-2. Adhabu ya Cobb iliishia kuwa siku 10 na faini ya dola 50.

Hata hivyo, sehemu ya sifa mbaya ya Cobb imetiwa chumvi. Picha iliyoenea duniani ilitokana kwa kiasi kikubwa na maandishi ya Al Stump, aliyemsaidia kuandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1961, kisha akamwandika upya kwa ukali baada ya kifo chake. Filamu ya mwaka 1994 iliyobeba jina lake ilifuata mkondo huo huo.

Mwaka 2015 mwandishi Charles Leerhsen alitoa kitabu kilichopitia upya magazeti na nyaraka za zamani. Moja ya aliyoyabaini linahusu mlinzi wa hoteli ya Cleveland, George Stanfield, ambaye Cobb alipigana naye mwaka 1909. Vitabu kadhaa vilimwelezea Stanfield kuwa mtu mweusi, lakini nyaraka zilionyesha kuwa alikuwa mzungu.

Leerhsen alikumbusha pia kwamba mwaka 1952, wakati majimbo ya Kusini yalikuwa bado yanashikilia utengano, Cobb aliliambia gazeti la The Sporting News kwamba weusi wana haki ya kucheza. Vilevile alijenga hospitali katika mji wa nyumbani kwao, Royston, na kuanzisha mfuko wa kusomesha vijana wa Georgia.

Hayo hayafuti kipigo alichopata Fred Collins. Yanachofanya ni kumtenganisha Cobb wa kweli na Cobb wa ngano. Alikuwa mtu mwenye hasira za hatari aliyelelewa katika jamii ya kibaguzi, lakini hakuna ushahidi kwamba alihusika katika kuwafungia weusi mlango kama Anson alivyofanya.

Hornsby, Speaker na tuhuma za Klan

Rogers Hornsby wa Texas ndiye aliyekuwa akimfuata Cobb katika orodha, kwa wastani wa 0.358. Mwaka 1924 alifikisha 0.424. Mwaka 1926 aliiongoza St. Louis Cardinals kutwaa ubingwa wa Marekani akiwa mchezaji na kocha, na mwisho wa mwaka akauzwa kwa sababu ya kutoelewana na mmiliki.

Ndivyo ilivyokuwa kila alikokwenda. Hornsby alisema alichofikiri bila kujali anayeumia, na alipoteza fedha nyingi katika kamari ya farasi. Mwaka 1952 alirudi St. Louis kuifundisha Browns, timu iliyokuwa na mrushaji mweusi mashuhuri, Satchel Paige. Aliondolewa kabla msimu haujafika nusu, baada ya wachezaji kumchoka.

Mwandishi mkongwe Fred Lieb, katika kitabu cha kumbukumbu zake cha mwaka 1977, aliandika kwamba Hornsby na nyota mwingine wa Texas, Tris Speaker, walikuwa wanachama wa Ku Klux Klan, kundi lililowatisha na kuwaua weusi. Hakuna orodha wala kadi iliyopatikana kuthibitisha hilo, na habari hiyo imebaki kuwa ushuhuda wa mtu mmoja.

Habari za Speaker zina upande mwingine. Julai 1947 Larry Doby alisajiliwa na Cleveland na kuwa mchezaji wa kwanza mweusi katika American League. Alipohamishiwa nafasi za nyuma uwanjani, ambazo hakuwa amezizoea, aliyepewa kazi ya kumfundisha ni Speaker, bingwa wa nafasi hizo katika zama zake. Mwaka 1948 Cleveland ilitwaa ubingwa, na Doby alikuwa nguzo yake mojawapo.

Iwapo Speaker aliwahi kuvaa joho la Klan, basi alibadilika. Iwapo hakuvaa, alisingiziwa. Kinachojulikana kwa hakika ni kazi aliyoifanya na Doby.

Ukuta usio na maandishi

Kati ya miaka ya 1880 na 1947 hapakuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuwazuia weusi. Kulikuwa na mapatano ya kimyakimya ambayo kila mmiliki aliyajua. Kamishna wa kwanza wa mchezo huo, Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliyeongoza kuanzia 1920 hadi kifo chake mwaka 1944, alitangaza mwaka 1942 kwamba hakuna katazo lolote. Katika miaka yake yote hakuna mchezaji mweusi aliyesajiliwa.

Tofauti ya adhabu ndiyo inayoeleza mengi. Mwaka 1921 Landis aliwafungia maisha wachezaji wanane wa Chicago White Sox waliotuhumiwa kuuza fainali za mwaka 1919, ingawa mahakama ilikuwa imewaachia.

Julai 1938 Jake Powell wa New York Yankees, aliyekuwa ameng'ara katika fainali za 1936, alihojiwa na redio mjini Chicago kabla ya mechi. Alijigamba kwamba nje ya msimu hufanya kazi ya polisi na hujiweka sawa kimwili kwa kuwapiga weusi vichwani. Wasikilizaji walikasirika, mahojiano yakakatwa, naye Landis akamsimamisha kwa siku 10.

Kuuza mechi kulimtoa mchezaji maisha. Kujisifu hadharani kwa kuwapiga watu weusi kulimgharimu wiki moja na nusu.

Mwaka 1947 na walioupinga

Aprili 15, 1947, Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers na kuvunja ukuta huo. Klabu hiyo ilihamia Los Angeles mwaka 1958, na ndiyo iliyosajili vijana wawili kutoka Uganda mwaka 2022.

Ndani ya timu, aliyepinga kwa uzito ni Dixie Walker, bingwa wa wastani wa ligi mwaka 1944 na kipenzi cha mashabiki wa Brooklyn. Machi 1947 alimwandikia barua rais wa klabu, Branch Rickey, akiomba auzwe. Msimu ulipokwisha alipelekwa Pittsburgh.

Baadaye Walker alikiri kwamba lilikuwa kosa kubwa, akaeleza kuwa alihofia biashara yake ya vifaa vya ujenzi katika jimbo la Alabama. Alirudi Dodgers akiwa mwalimu wa wapigaji, na miongoni mwa aliowafundisha walikuwamo wachezaji weusi.

Ben Chapman hakuwa mpole kiasi hicho. Alikuwa ameacha wastani wa 0.302 katika uchezaji wake, na mwaka 1947 alikuwa kocha wa Philadelphia Phillies. Kuanzia Aprili 22, mjini Brooklyn, yeye na wachezaji wake walimtolea Robinson matusi ya rangi yaliyosikika hadi jukwaani.

Robinson aliandika baadaye kwamba siku hiyo ilimkaribisha kabisa kukata tamaa kuliko siku nyingine yoyote. Lakini matusi hayo yalizaa kinyume cha yaliyokusudiwa. Eddie Stanky, mchezaji mwenzake mzungu, aliwageukia Phillies na kuwakemea, na timu ikaanza kushikamana.

Ili kupoza hasira za umma, Mei mwaka huo Chapman na Robinson walipigwa picha pamoja. Walishika rungu moja, kila mmoja upande wake, bila kupeana mikono. Mwaka 2016 Baraza la Jiji la Philadelphia lilipitisha azimio la kuomba radhi kwa yaliyotendeka.

Agosti 20, 1947, Enos Slaughter wa St. Louis Cardinals, akikimbilia kituo cha kwanza, alimkanyaga Robinson mguuni kwa njumu za chuma. Wachezaji wa Brooklyn waliamini ilikuwa makusudi. Slaughter alikana hadi kifo chake mwaka 2002. Aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri mwaka 1985.

Kipengele cha tabia leo

Kipengele cha tabia kimetumika kwa namna inayozua maswali. Pete Rose, aliyevunja rekodi ya mapigo ya Cobb mwaka 1985, alifungiwa mwaka 1989 kwa kucheza kamari ya besiboli, akafariki Septemba 2024 akiwa bado nje. Mei 2025 MLB iliamua kwamba kifungo cha aina hiyo hukoma mchezaji anapofariki, uamuzi uliomgusa yeye na wale wa mwaka 1919.

Mrushaji Curt Schilling, bingwa mara tatu, alikosa kura 16 mwaka 2021 alipopata asilimia 71.1, wakati kiwango ni 75. Waandishi wengi walitaja matamshi yake nje ya uwanja. Mwaka 2015 kituo cha televisheni cha ESPN kilimsimamisha utangazaji baada ya kusambaza ujumbe uliolinganisha Waislamu wenye msimamo mkali na Wanazi, na mwaka 2016 kikamfukuza kwa ujumbe mwingine uliowahusu watu waliobadili jinsia.

Wakati huohuo Anson yumo, na hakuna bamba lililoondolewa ukutani kwa sababu ya ubaguzi. Mabadiliko yamegusa zaidi majina ya tuzo na barabara. Mwaka 2018 mtaa wa Boston uliokuwa na jina la Tom Yawkey, mmiliki wa Red Sox, timu iliyokuwa ya mwisho kumpanga mchezaji mweusi mwaka 1959, ulirudishiwa jina lake la zamani. Mwaka 2020 jina la Landis liliondolewa kwenye tuzo ya mchezaji bora.

Wanaotetea mabamba kubaki husema jumba hilo ni makumbusho, na kuyaondoa ni kuficha historia badala ya kuifundisha. Wanaopinga hujibu kwamba bamba si maelezo ya historia, bali ni heshima, na asiyestahili hapaswi kuendelea kuheshimiwa.

Hesabu zilizosahihishwa

Njia ya tatu ndiyo iliyochukuliwa na MLB. Desemba 2020 ilitambua kwamba Ligi za Weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu kama nyingine. Watafiti walichambua magazeti ya zamani na karatasi za matokeo, na mwaka 2024 takwimu hizo zikaunganishwa na za wazungu.

Gibson alipatikana na wastani wa 0.372. Oscar Charleston, nyota mwingine aliyenyimwa nafasi, alishika nafasi ya tatu kwa 0.363. Hornsby alishuka kutoka nafasi ya pili hadi ya nne. Kwa msimu mmoja, wastani wa Gibson wa 0.466 wa mwaka 1943 uliwekwa kuwa wa juu kuliko wote.

Wapo wanaohoji, kwa kuwa misimu ya Ligi za Weusi ilikuwa mifupi na baadhi ya karatasi zimepotea. Lakini swali hilo linawageukia wazungu pia. Cobb na Hornsby hawakuwahi kukabili katika ligi warushaji bora weusi wa zama zao, na Anson alihakikisha hakutani nao. Rekodi zao zilikuwa za kweli, ila ziliwekwa katika mashindano yaliyoachia nje sehemu ya wachezaji bora wa nchi.

Hapo ndipo ubaguzi katika besiboli unapoacha kuwa habari ya ukorofi wa mtu mmoja. Mchezaji mkorofi humuumiza aliye mbele yake, kama Cobb alivyomuumiza Collins. Mchezaji anayefunga mlango huwaumiza hata ambao hawajazaliwa, na hasara yake haionekani kwenye jedwali, kwa sababu ambao wangeijaza hawakupewa nafasi ya kupiga mpira.

Gibson aliingizwa Cooperstown mwaka 1972, miaka 25 baada ya kufa. Bamba lake liko katika jumba moja na la Cobb, la Hornsby na la Anson. Alifariki Januari 20, 1947, siku 85 kabla ya Robinson kuingia uwanjani Brooklyn.